Kuondoa Sospensheni Huru ya Mbele na Kufunga Ekseli Nzima kwenye Toyota Hilux Surf

Mwongozo huu unahusu gari moja: Toyota Hilux Surf ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya 1989 na 1995 na kuingia kwa wingi Kenya na Tanzania ikiwa mtumba kutoka Japani. Mbele, Surf hii ina sospensheni huru, ambayo kila gurudumu hucheza peke yake, inayobebwa na tosheni baa, yaani fimbo za chuma zinazojisokota kama springi, ilhali Hilux LN106, ndugu yake wa kazi za shamba na mradi, iliendelea kuundwa hadi 1997 ikiwa na ekseli nzima ya mbele, boriti moja inayounganisha magurudumu yote mawili, juu ya springi za mabamba. Undugu huo ndio unaoiwezesha kazi hii kufanyika katika gereji ya kawaida yenye mashine ya kuchomelea, grenda, stendi madhubuti na fundi mwenye subira ya kupima.

Kabla ya kununua chochote, amua kama unaihitaji kweli. Kwenye barabara ya murram yenye mawimbi, sospensheni huru ni bora, kwa sababu kila gurudumu linameza tuta lake bila kulisumbua la upande wa pili, na usukani unatulia hata kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ekseli nzima inaanza kudai heshima yake pale mwendo unapopungua na ardhi inapovunjika: kwenye mawe, makorongo na mito mikavu. Gurudumu moja likipanda, ekseli inalikandamiza la pili chini, na difu (kisanduku cha gia kati ya magurudumu) inapanda pamoja na magurudumu, wakati kwenye sospensheni huru difu imefungwa kwenye chesisi na hushuka kila mara chesisi inaposhuka. Tena, Surf iliyoinuliwa kwa kukaza tosheni baa hufanya kazi huku sivi-jointi, viungo vinavyopinda vya shafti za magurudumu, zikiwa zimepinda kupita kiasi. Buti, mifuko ya mpira inayozifunika, hupasuka, mchanga huingia, na kishindo kimoja cha tairi la inchi 33 kwenye jiwe hukata shafti au kupinda tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu. Ndiyo maana magari mengi ya mashindano ya nje ya barabara ya Rhino Charge, yanayofanyika Kenya tangu 1989, hubebwa na ekseli nzima. Mtu anayekwenda kijijini mara mbili kwa mwaka akiwa na matairi ya inchi 31 atafaidika zaidi kwa kufunga loki ya difu ya nyuma, inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja, na kuiacha mbele ilivyo.

Ukishaamua, toa taarifa mapema kwa kampuni ya bima, na uulize masharti ya ukaguzi kwa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ukiwa Kenya, au kwa TRA (mamlaka ya mapato) na polisi wa usalama barabarani ukiwa Tanzania. Hili ni badiliko la muundo wa gari, na bima inayogundua jambo hilo baada ya ajali inaweza kukataa kulipa.

Kuchagua ekseli

Ekseli ya LN106 hupatikana kwa wauza spea wa Kirinyaga Road na Grogan jijini Nairobi, au Gerezani jijini Dar es Salaam, na mara nyingi huuzwa ikiwa imekatwa pamoja na springi zake. Omba upewe kila kitu kilichokuwa kimeshikana nayo: springi, shakeli (vishikio vinavyobembea mwishoni mwa springi), bolti za U na sahani zake, habu (vitovu vya magurudumu) za kufunga kwa mkono, kalipa, tairodi na mkono wa usukani. Vikinunuliwa kimoja kimoja, vitu hivi kwa jumla hugharimu zaidi ya ekseli yenyewe.

Jambo la kwanza la kukagua ni upande ambao difu imekaa. Ingia chini ya Surf yako uangalie propela ya mbele, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, inatokea upande gani wa transfa, kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Kwenye kizazi hiki inatokea kulia, na difu ya LN106 nayo iko kulia, hivyo vinakutana. Surf ya kizazi cha tatu ilihamishia difu yake ya mbele kushoto, na mwenye gari hilo asifuate mwongozo huu bila kutafuta ekseli ya upande wake.

Jambo la pili ni uwiano wa difu. Mbele na nyuma lazima zilingane, la sivyo ukiingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu transfa itapigana yenyewe hadi kitu kivunjike. Usiridhike na neno la muuzaji. Fungua difu uhesabu meno. Krauni, gia kubwa ya difu, yenye meno 41 juu ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha, yenye 10 ni 4.10, meno 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni takriban 4.56, na 39 kwa 8 ni takriban 4.88. Kama zinatofautiana, badilisha difu ya upande mmoja sasa, ekseli ikiwa bado iko chini ya mti, kwa kuwa kazi hiyo ni nyepesi kuliko itakavyokuwa baadaye.

Jambo la tatu ni upana. Ekseli nzima za Hilux za miaka ya mwanzo wa 1980 ni nyembamba kwa takriban milimita 75 kuliko magari yenye sospensheni huru yaliyofuata. Pima kutoka uso wa habu moja hadi uso wa nyingine, ulinganishe na ekseli ya nyuma ya Surf yako. Pengo hilo huzibwa ama kwa kutumia habu za sospensheni huru pamoja na diski zinazolingana nazo, ama kwa spesa za magurudumu zenye ubora, zilizokatwa kwa mashine na kukaa vizuri juu ya habu. Spesa za kupangilia washa juu ya washa zisikaribie gari hili.

Kuifungua na kuijenga upya ekseli

Usifunge ekseli ya mtumba kama ulivyoinunua. Mwishoni mwa ekseli kuna nakoli, kile kichwa kinachogeuka pamoja na gurudumu, na ndani yake mna jointi inayozama kwenye grisi. Ukiifungua ukakuta grisi nyeusi na nzito, ekseli ilitunzwa. Ukikuta mchuzi wa kahawia unaomwagika wenyewe kwenye sakafu, basi sili ya ndani ya shafti imekufa na mafuta ya difu yamechanganyika na grisi. Hapo jointi imekuwa ikisagika bila kinga, na inabidi uisafishe kwa petroli au mafuta ya taa, uikaushe, kisha uichunguze mikondo ya gololi kwa kidole. Mkwaruzo unaoushika ukucha ni sababu ya kutosha ya kuibadilisha.

Badilisha beringi za nakoli za juu na chini, sili za ndani, sili za kufuta za nje, beringi za magurudumu na bushi ya shaba iliyo ndani ya spindeli. Zile shimu nyembamba zilizo juu na chini ya nakoli zitunzwe kwa mpangilio wake, kila upande kwenye kikopo chake, kwa maana ndizo zinazoweka nakoli katikati na kuamua ukakasi wake wa kugeuka. Ukakasi huo hupimwa kwa mizani ya kuvuta iliyofungwa kwenye ncha ya mkono wa usukani, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nakoli inayogeuka bila upinzani wowote itakuja kutikisa usukani barabarani. Jaza grisi yenye molibdenamu, robo tatu ya nafasi ya ndani, usijaze yote. Nati za beringi za magurudumu zifungwe kwa soketi ya milimita 54 wala si kwa patasi na nyundo, desturi ambayo imeharibu nati nyingi kuliko kutu.

Kupima kabla ya kukata

Kazi nyingi za aina hii huharibikia hapa. Ekseli yenyewe ni sehemu nyepesi. Kinachoamua kama gari litakwenda barabarani kwa utulivu ni pembe, na pembe haziwezi kurejeshwa baada ya mabano ya zamani kukatwa na kutupwa kwenye chuma chakavu.

Weka gari kwenye sakafu tambarare, matairi yakiwa na upepo sawa. Pima urefu kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Pima umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi katikati ya gurudumu la mbele, kulia na kushoto, na uteremshe uzi wenye timazi kutoka pande zote mbili za chesisi ili kituo cha gurudumu la mbele kichorwe sakafuni na pia kipigwe alama ya senta panchi kwenye chesisi. Pima kwa kipima pembe mteremko wa chesisi, wa uso wa flanji ya transfa, na wa pinioni ya nyuma. Andika yote, upige na picha.

Amua hapa pia kimo cha mwisho cha gari. Springi za LN106 zikiwekwa kwenye Surf kwa kawaida huinua mbele, na nyuma, ambako Surf ina springi za koili, lazima iinuliwe kwa kiasi kilekile. Kadiri unavyoinua, ndivyo draglinki (fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye nakoli) na propela zinavyosimama kwa pembe mbaya. Mimi hupendelea gari lililo chini kidogo na matairi yenye nafasi ya kutosha kuliko gari refu linaloyumba kwenye kila kona.

Kuvua sospensheni ya zamani

Simamisha gari kwenye stendi nne chini ya chesisi, mbili za mbele zikiwa nyuma ya eneo la kazi, na usimtume mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Toa waya kwenye nguzo za betri, na kama injini ni 1KZ-TE au nyingine yenye kompyuta, toa na plagi ya kompyuta kabla ya kuchomelea chochote.

Tosheni baa zimejaa nguvu iliyosokotwa. Legeza bolti zake za kurekebisha taratibu, upande kwa upande, hadi ziwe huru kabisa, ndipo uguse mikono ya juu na ya chini. Baada ya hapo toa sivi-shafti, difu ya mbele, mikono, shokapu, tairodi za kati na mkono wa upande usio na stelingi boksi (kisanduku cha gia za usukani). Stelingi boksi ibaki, kwa sababu utaihitaji.

Mabano na boriti ya chini iliyobeba difu hukatwa kwa grenda au kwa plazma, ukiacha milimita chache, kisha hizo zilizobaki husagwa polepole hadi chesisi iwe laini. Bati la chesisi si nene, na grenda iliyolala vibaya hulila kwa sekunde. Mirija ya breki na ya mafuta ifunikwe au ivuliwe. Boriti ya kati inayobeba giaboksi isiguswe. Ukishamaliza, safisha chesisi hadi chuma cheupe na utafute nyufa, hasa pale stelingi boksi ilipofungwa, maana magari haya huwa na tabia ya kupasuka hapo.

Kutundika springi

Mbele kabisa ya chesisi hufungwa boriti ya bomba la mraba au la mstatili lenye mabano mawili ya kushika macho ya mbele ya springi. Shakeli hukaa nyuma, kwenye mirija mifupi inayopita ndani ya chesisi kutoka upande mmoja hadi mwingine, iliyochomelewa pande zote mbili. Mrija uliochomelewa chini ya chesisi tu bila kupita ndani huja kung'oka na kipande cha chesisi. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake, ncha ya chini ya shakeli iwe imeinamia nyuma kidogo, ili springi ikilala ipate pa kurefukia. Shakeli iliyosimama wima au iliyoinamia mbele hulifanya gari kuwa gumu, na siku springi itakaponing'inia kabisa inaweza kugeuka na kukwama.

Kwa sasa shika kila kitu kwa vinundu vya kuchomelea tu. Rudia vipimo vyako: kulia na kushoto, mbele hadi nyuma, na mishazari miwili kutoka macho ya springi hadi alama za nyuma, ambayo inapaswa kulingana ndani ya milimita 3. Wengi huisogeza ekseli mbele kwa takriban milimita 25 kutoka kituo cha zamani, kwa kuwa shakeli ikiwa nyuma ekseli hurudi nyuma inapopanda, na tairi kubwa hugusa kona ya bodi karibu na mlango.

Kasta na pembe ya pinioni

Kasta ni mwinamo wa mstari ambao gurudumu hugeukia: ukiegemea nyuma kwa juu, gari hujirudisha lenyewe katika mstari baada ya kona. Lenga nyuzi 3 hadi 5. Gari lenye kasta karibu na sifuri hutangatanga barabarani na kumchosha dereva.

Ugumu ni kwamba kasta na pinioni viko kwenye chuma kimoja. Ukiizungusha ekseli ili uongeze kasta, pua ya pinioni inashuka, na krosi ya propela inapata pembe kubwa zaidi. Kabari za chuma kati ya springi na kikalio chake, upande mnene ukielekea nyuma, hutosha kwa marekebisho ya nyuzi 2 hivi. Zaidi ya hapo, njia sahihi ni kukata mchomeleo unaoshika mpira wa chuma wa nakoli kwenye bomba la ekseli, kuuzungusha hadi kasta ifae huku pinioni ikibaki inapotakiwa, na kuuchomelea upya. Kazi hii apewe fundi wa mashine mwenye jigi ya kunyoosha, kwa sababu bomba lililopinda hata kidogo kwa joto hula sili na beringi bila kukoma.

Pima kasta gari likiwa na uzito wake wote, injini ikiwa ndani, tangi likiwa na mafuta. Kipimo kilichochukuliwa kwenye chesisi tupu hudanganya.

Usukani

LN106 yenyewe hutumia draglinki inayokwenda mbele na nyuma upande wa dereva, ikisukuma na kuvuta nakoli ya kulia. Unaweza kuhamisha mfumo huo wote kutoka gari la spea, na ni njia ya haraka, lakini ekseli inapocheza mbele na nyuma juu ya springi, usukani hujigeuza wenyewe. Njia bora ni kutumia stelingi boksi ya Surf, ambayo pitimani yake, mkono unaotoka kwenye boksi, tayari husogea kulia na kushoto, na kupitisha draglinki mbele ya gari hadi nakoli ya kushoto. Kwa hilo unahitaji mikono ya usukani ya kukaa juu ya nakoli, na tairodi mpya inayoiunganisha mikono hiyo juu ya springi, mbali na mawe. Pitimani ya Land Cruiser ya mfululizo wa 80 hupendwa kwa kazi hii. Boksi husogezwa mbele ili pitimani na draglinki visigongane na springi au ekseli inapopanda, na pale inapofungwa chesisi huimarishwa kwa mirija inayopita ndani, ili bolti zisilibonyeze bati.

Draglinki iwe ndefu na ilale karibu na mstari wa mlalo gari likiwa limesimama. Ikiinama sana, kila tuta litageuza gurudumu kidogo, na dereva atahisi gari lina maisha yake. Anayetumia koili badala ya mabamba hana budi kuongeza fimbo ya kuishika ekseli isiende kando, iliyo sambamba na draglinki na yenye urefu unaokaribiana nayo. Mabamba hayahitaji fimbo hiyo.

Mikono ya juu hushikwa na stadi nne zenye washa za koni. Safisha nyuso zote hadi zisiwe na rangi wala grisi, funga kwa kipimo cha kitabu, na usichomelee kamwe draglinki, pitimani au shafti ya usukani kwa kuunga katikati. Shafti ikiwa fupi, tumia kipande cha kuteleza cha kiwandani.

Kuijaribu kabla ya kuchomelea kabisa

Vua mabamba yote ya springi, ubakize lile kuu tu. Sasa ekseli inaweza kusogezwa kwa jeki. Pandisha gurudumu la kulia hadi mwisho huku la kushoto likining'inia, kisha geuza, kisha pandisha yote mawili, na katika kila hali geuza usukani hadi mwisho pande zote. Tazama difu na sampu ya mafuta ya injini: sampu ya Surf haikuchorwa kwa kufikiria ekseli inayopanda, na nafasi iliyopungua milimita 25 ni ndogo. Tazama draglinki na springi, tairi na bodi, propela na boriti ya giaboksi. Mipira ya kugotea iwekwe ili ekseli isimame kabla ya chochote kugusana, na shokapu ziwe na urefu unaoziruhusu kufika mwisho baada ya mipira hiyo.

Ukiridhika, chomelea kabisa. Kwa mashine ya fimbo, elektrodi za E7018 zilizowekwa mahali pakavu ndizo za kuaminika. Zilizolala gerejini msimu mzima wa masika hutoa mchomeleo wenye matundu. Klampu ya ardhi iwe karibu na unapochomelea. Epuka mchomeleo unaokata chesisi wima moja kwa moja. Sahani za kuimarisha zikatwe kwa ncha zilizochongoka, ili mzigo usambae kwenye urefu wa chesisi. Kisha paka rangi ya kuzuia kutu, ndani ya mirija pia.

Propela na breki

Propela ya mbele hupimwa ikiwa ekseli iko katikati ya mwendo wake, ikiwa na nafasi ya kuingia na kutoka kwenye splaini, ndipo ikatwe, iunganishwe na kulinganishwa uzito kwa mafundi wa propela.

Mipira ya breki lazima iwe mirefu kiasi cha kutovutika gurudumu likining'inia na usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho. Toa hewa kwenye mfumo wote. Usisahau valvu ya breki za nyuma inayosoma uzito kwa fimbo iliyoshikana na ekseli: nyuma ikiinuliwa, valvu hiyo huamini kuwa gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hivyo bano lake kwenye ekseli liinuliwe kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Kama gari lina ABS, vihisi vya mbele huenda visipate pa kukaa kwenye ekseli hii, na mfumo huo unapaswa kuzimwa ipasavyo na dereva kuambiwa.

Siku za kwanza barabarani

Peleka gari kwenye alaimenti ukiwa na vipimo vyako mkononi. Kemba, mwinamo wa gurudumu kwa juu kwenda ndani au nje, haiwezi kurekebishwa kwenye ekseli nzima, hivyo fundi wa alaimenti atahusika na upana wa mbele tu, yaani nafasi kati ya magurudumu kwa mbele, ambao uwe umefungwa ndani kwa milimita 1 hadi 3 kuliko kwa nyuma. Anza kwa mwendo mdogo, uongeze hatua kwa hatua. Usukani ukitikisika kwa nguvu kwenye mwendo fulani baada ya tuta, usikimbilie kununua dampa ya usukani: angalia kasta, ukakasi wa nakoli, bushi za springi, ncha za tairodi na ulinganifu wa uzito wa matairi (balansi), kwa mpangilio huo. Dampa huficha ugonjwa hadi siku itakapochoka.

Baada ya kilomita 100 kaza upya bolti za U, stadi za mikono ya nakoli na bolti za stelingi boksi. Rudia kwenye 500. Katika ukaguzi huo wa pili, futa sehemu ya nyuma ya nakoli kwa kitambaa kikavu: alama ya grisi nyeusi ni kawaida, ila mafuta mepesi yanayoteremka yanamaanisha sili ya ndani haikukaa sawa, na nakoli ifunguliwe tena kabla ya safari ndefu.